Mpira wa Pembe na Theluthi Iliyopotea

Wanafunzi wengi wa Kasongo na Kabambare hukariri kanuni za tufe, yaani umbo la mpira, wala hawaulizi zafaa nini. Kumbe hesabu hiyo ilipita zamani katika nchi yetu, mabegani mwa watu.

Mwaka 1869 Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare, na wafanya biashara wa pwani walikuwa wakitafuta pembe za ndovu katika nchi hiyo. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, akaweka makao yake Kasongo. Pembe zilitoka hapo, zikapita Kabambare, zikavuka ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, kisha Tabora, Bagamoyo na Unguja. Hata kama njia ingalinyooka kama uzi, ni zaidi ya kilometa 1,300, nayo haikunyooka. Wabebaji wengine walikuwa wapagazi wa ujira, wengine watumwa, na wengi wa watumwa hao walikuwa watu wa Maniema.

Ng'ambo pembe nyingine zilifanywa vitana na vinanda, nyingine mipira ya biliadi, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo. Fundi alikata kipande cha pembe chenye urefu sawa na upana wake, mfano wa kopo, akakikereza hata kiwe mviringo pande zote. Je, alitupa kiasi gani?

Archimedes wa Sirakusa, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, alikwisha jibu. Tufe likienea barabara ndani ya kopo, likigusa pande zote, ujazo wake ni theluthi mbili za kopo. Alilipenda jambo hilo hata umbo la tufe na kopo likawekwa kaburini pake, ambapo Cicero alilikuta baadaye katikati ya miiba.

Basi tuhesabu. Mpira wa kipenyo cha sentimeta 6 una nusu kipenyo cha 3. Ujazo wake ni 4/3 × 3.1416 × 3 × 3 × 3, yaani sentimeta za ujazo 113. Kopo lake ni 3.1416 × 3 × 3 × 6, yaani 170. Zimekwenda 57. Sentimeta moja ya ujazo ya pembe ina uzito wa gramu 1.8 hivi, mpira basi ni gramu 200 na kidogo, na vumbi la kukereza ni gramu 100. Mtu aliyebeba frasila mbili, kama kilo 32, hata kama pembe yake yote ingalikatwa vipande vya namna hiyo, alikuwa amebeba zaidi ya kilo 10 za vumbi toka Maniema hadi baharini. Kwa kweli hasara ilizidi, maana pembe huchongoka nchani, na shinani ni tupu ndani.

Eneo la nje ni 4 × 3.1416 × 3 × 3, nalo ni 113, lakini sentimeta za mraba. (Msomaji asidanganyike: namba zalingana kwa sababu tu nusu kipenyo ni 3.) Eneo hili nalo lilikuwa na kazi yake. Pembe hunywa unyevu na kuvimba upande mmoja kuliko mwingine; mpira huacha kuwa mviringo, nao hukerezwa tena. Fundi akiondoa milimeta moja kote, zidisha 113 kwa 0.1: zimetoka sentimeta za ujazo 11, karibu sehemu ya kumi ya mpira mzima!

Asiyesadiki ajaribu. Akate kopo la bati, urefu uwe sawa na kipenyo. Afinyange tufe la udongo wa mfinyanzi litakaloenea humo barabara likisha kukauka, alipake mawese lisinywe maji, alitie ndani, kisha amimine maji mpaka ukingoni. Maji hayo ayapime: yatakuwa theluthi moja ya yale yanayojaza kopo tupu.