Kutoka Kizimba hadi Kizimbani: Historia ya Matini Iliyokataliwa

Historia ya kazi za sanaa aghalabu huandikwa kwa kufuata zile zilizokubaliwa. Miswada iliyokataliwa hutajwa kwa haraka katika dibaji, kana kwamba ilikuwa hatua ya uchanga tu katika safari ya mtunzi. Mtazamo huu huficha swali la msingi: kazi iliyokataliwa inapokuja kupokewa baadaye, je, inayopokewa ni ile ile? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea "The Cage", kipindi cha kwanza cha majaribio cha tamthilia ya runinga ya Marekani iitwayo Star Trek. Hoja inayojengwa ni kwamba kazi hiyo ilikataliwa mara mbili: mara ya kwanza hadharani mwaka 1965, na mara ya pili kimyakimya mwaka 1966, ilipokubaliwa kwa sharti la kugeuzwa maana.

Gene Roddenberry alikuwa rubani wa kijeshi katika Vita Vikuu vya Pili, kisha askari polisi mjini Los Angeles, kabla ya kuwa mwandishi wa runinga. Mwaka 1964 aliinadi tamthilia yake kwa kuifananisha na Wagon Train, tamthilia maarufu ya misafara ya walowezi wa magharibi ya Marekani. Mfano huo uliahidi safari, hatari na mapambano. Studio ya Desilu, iliyomilikiwa na mwigizaji Lucille Ball, ilikubali kuitayarisha, na shirika la utangazaji la NBC likaagiza kipindi cha majaribio. "The Cage" ilipigwa picha mwishoni mwa mwaka 1964 chini ya mwelekezi Robert Butler, kwa gharama iliyozidi dola 600,000. Jeffrey Hunter aliigiza Nahodha Christopher Pike. Mapema mwaka 1965 NBC iliikataa, lakini ikachukua hatua isiyo ya kawaida katika biashara hiyo: iliagiza kipindi cha pili cha majaribio.

Msuko wa "The Cage" ni sahili. Chombo cha angani kiitwacho Enterprise kinapokea wito wa msaada kutoka sayari ya Talos IV. Wito huo ni mtego. Pike anatekwa na kufungiwa chini ya ardhi, katika chumba chenye ukuta wa kioo. Wanaomteka ni viumbe ambao wahenga wao waliuharibu uso wa sayari kwa vita, wakakimbilia chini na kukuza uwezo wa kuumba mazigazi akilini mwa wengine. Uwezo huo umewalemaza wao wenyewe. Hawawezi tena kutengeneza mitambo ya wahenga wao. Wanaishi kwa kutazama na kuonja maisha ya viumbe waliowafungia. Pike anapewa ngome ya kupigania, mandhari ya nyumbani na farasi wake, na mwanamke aitwaye Vina, manusura wa pekee wa chombo kilichoanguka humo miaka 18 kabla. Anavikataa vyote. Naibu wake, mwanamke anayejulikana kwa cheo tu kama Number One, anaitegesha silaha yake ilipuke, kwa kuwa anaona kifo ni bora kuliko kizazi cha watumwa. Watekaji wanang'amua kwamba binadamu huuchukia utumwa hata uwe mtamu namna gani, nao wanawaachilia.

Maudhui ya kazi hii hayana utata: uhuru wenye maumivu una thamani kuliko raha ya mazigazi. Lenye kejeli ni kwamba hoja hiyo ilitolewa kupitia runinga, chombo ambacho biashara yake ni kuwapa watu picha za kuonja maisha ya wengine. Jamii ya Talos IV ni jamii ya watazamaji. Sababu inayotajwa zaidi ya kukataliwa kwake ni kwamba kazi ilimtaka mtazamaji afikiri kupita kiasi. Hata hivyo, historia ya sababu hizo yahitaji tahadhari. Roddenberry alishikilia kwa miaka mingi kwamba NBC ilimpinga mwanamke aliyepewa wadhifa wa pili katika uongozi wa chombo. Herbert Solow, aliyekuwa msimamizi wa utayarishaji katika Desilu, alilikanusha dai hilo katika kitabu alichokiandika pamoja na Robert Justman na kukichapisha mwaka 1996. Kwa maelezo yake, pingamizi lilimhusu mwigizaji mwenyewe, Majel Barrett, aliyekuwa na uhusiano wa kimapenzi na Roddenberry. Mhakiki asilichukue simulizi la mtunzi kuhusu kukataliwa kwake kama hati ya mahakama. Hilo nalo ni matini, na lina nia yake.

Kipindi cha pili cha majaribio kilipigwa picha mwaka 1965, William Shatner akiwa Nahodha Kirk. Kati ya wahusika wa kwanza alibaki Spock peke yake. Katika "The Cage" Spock hutabasamu na kupaza sauti. Anayetawaliwa na akili baridi ni Number One. Mwanamke huyo alipoondolewa, sifa yake ilirithiwa na Spock. Hivyo basi, mhusika mashuhuri zaidi wa tamthilia nzima amejengwa kwa sehemu ya mhusika aliyefutwa.

Tamthilia ilianza kutangazwa tarehe 8 Septemba 1966. Kabla ya miezi mitatu kupita, utayarishaji ulikuwa umechelewa na vipindi vikapungua. Roddenberry aliifufua "The Cage" kwa kuizungushia hadithi mpya, na matokeo yake, "The Menagerie", yakatangazwa kwa sehemu mbili mwezi Novemba 1966. Katika hadithi hiyo ya nje, Spock anaiteka Enterprise ili ampeleke Pike, ambaye sasa amelemaa na hawezi kusema, hadi Talos IV, safari ambayo adhabu yake ni kifo. Anashtakiwa, na utetezi wake ni picha zinazoonyeshwa mbele ya mahakama: picha za "The Cage".

Kiswahili kina neno linaloziunganisha hadithi hizi mbili. Kizimba ni tundu la kufugia, na kizimba pia ni mahali anaposimama mshtakiwa mahakamani. Matini iliyohusu kizimba cha kwanza ilipandishwa katika kizimba cha pili, ikawa ushahidi. Majaji walitazama kazi ile ile ambayo wakuu wa NBC waliitazama, na safari hii hukumu ikawa ya huruma.

Lakini huruma hiyo ilikuwa na bei. Katika "The Cage", picha ya Pike na Vina wakiondoka pamoja ni mazigazi: Vina, ambaye sura yake halisi imeharibika, anapewa kivuli cha Pike ili ajiliwaze, na Pike mwenyewe anarudi chomboni. Katika "The Menagerie", picha hiyo hiyo inaonyesha Pike aliyelemaa akiingia katika maisha ya mazigazi kwa hiari. Hakuna kilichobadilika ndani ya picha. Kilichobadilika ni fremu. Kizimba alichokikataa kimekuwa makimbilio.

Yawezekana kudai kwamba toleo la pili limekomaa zaidi, kwa kuwa linatambua kuwa uhuru wa mwenye afya si kipimo cha haki kwa aliyelemaa. Dai hilo lina uzito. Hata hivyo, hadithi yenyewe inaonyesha wasiwasi. Pike, anayewasiliana kwa taa tu, anampa Spock jibu la kukataa tena na tena. Anakubali mwishoni, baada ya mahakama yenyewe kufichuliwa kuwa, kwa sehemu, mazigazi ya Talos IV. Mwaka 1967 "The Menagerie" ilipewa tuzo ya Hugo.

Hatima ya kanda inathibitisha hoja hii. Ili kuitengeneza "The Menagerie", kanda asilia ya rangi ilikatwa. "The Cage" ilipotolewa kwa umma mwaka 1986, ilikuwa mchanganyiko wa sehemu za rangi na sehemu za rangi nyeusi na nyeupe. Ilitangazwa yote kwa rangi mwaka 1988. Kwa takriban miaka ishirini, hadhira iliijua hoja ya Pike kupitia matini iliyoipindua.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kuna jambo la kuhitimisha. Tamthilia iliyokubaliwa ilimleta mhusika ambaye hakuwemo katika "The Cage": Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake limetokana na neno uhuru. Katika kipindi cha kwanza kutangazwa, anazungumziwa kwa Kiswahili na kiumbe kinachojigeuza sura ili kimnase. Neno uhuru liliingia katika tamthilia kama jina la mtu; miezi miwili baadaye, hoja ya uhuru iliyoizaa tamthilia hiyo iligeuzwa kuwa ushahidi wa kutetea kinyume chake. Wahakiki wa tenzi, waliozoea kulinganisha nakala zaidi ya moja, wanajua kwamba kila nakala ina dai lake. "The Cage" nayo yastahili kusomwa hivyo, kama nakala yenye dai lake yenyewe.