Joseph Kiwele, Mpiga Kinanda wa Katanga

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko misheni kongwe iitwayo Mpala. Ngome yake ilijengwa mwaka 1883 na Kapteni Émile Storms, na miaka miwili baadaye ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Huko Mpala ndiko alikozaliwa Joseph Kiwele mwaka 1912. Katika nchi yetu jina lake halifahamiki sana. Na atajwapo, hutajwa kwa jambo ambalo halimwongezei sifa. Hata hivyo twaona yafaa maisha yake yasomwe yote.

Kiwele alisomeshwa na wamisionari katika seminari, ambamo kijana wa Kiafrika alijifunza Kilatini, nota, na uimbaji wa Gregori. Ngoma za wazee wake zilibaki nje ya ua, kwani wamisionari wengi walizihesabu kuwa mambo ya kipagani. Hakupata upadri. Alikwenda Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi tangu 1966, akawa mwalimu wa muziki na mpiga kinanda wa kanisani. Mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, nao wakafanya Kiswahili kuwa lugha yao ya kambini na sokoni.

Pamoja na Mbenediktini Anschaire Lamoral, Kiwele aliilea kwaya ya wavulana iliyoitwa kwa jina la Msalaba wa Shaba. Msomaji asidhani kwamba jina hilo ni la kikanisa tu. Karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba na kuisubu kwa umbo la msalaba, ikatumika kama fedha.

Kazi yake kubwa ni Missa Katanga. Maneno ni yale yale ya Kilatini, lakini tuni zake zimefuata nyimbo za Kiafrika, na ngoma zimeingia. Hapa yafaa tutue kidogo. Katika lugha kama Kiluba, kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Ukilifunga neno katika tuni ya Kizungu, huenda likasema jambo jingine kabisa, pengine la kuchekesha. Kilatini hakina taabu hiyo. Kwa hiyo mtungaji aliyekitumia aliweza kuiachia tuni ya Kiafrika iende itakavyo, na maneno yasipotoke. Kwa maoni yetu, sharti lile la kanisa lilimpa uhuru ambao huenda asingeupata kwingine. Mwanafunzi wa Masakta au Mbulu anayesikia ngoma kanisani leo aweza kuona ni jambo la kawaida. Zama zile halikuwa hivyo.

Kisha likaja la siasa. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akaitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake, huku fedha za shaba na maofisa wa Kibelgiji wakimtegemeza. Kiwele akawa waziri wa elimu, tena akatunga wimbo wa taifa wa nchi hiyo, uitwao La Katangaise. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa katika ardhi ya Katanga. Hatuwezi kumtenga waziri na serikali aliyoitumikia, hata kama mkono wake ulizoea kinanda kuliko bunduki. Wala hatuoni sababu ya kuifuta misa kwa ajili ya wimbo ule.

Kiwele alifariki mwaka 1961. Desemba ya mwaka huo huo Tanganyika ilipata uhuru, ikauimba wimbo ambao tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, naye pia mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya, huko Afrika Kusini. Wimbo wa Kiwele haukupata bahati hiyo: Katanga haikutambuliwa rasmi na nchi yoyote, na ilisalimu amri Januari 1963. Tarehe 4 Desemba mwaka huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya ibada, ikiagiza kwamba muziki wa mataifa yaliyopelekewa misheni upewe heshima yake ndani ya kanisa.