Duka linafungwa kwa Bonane, kompyuta inabaki peke yake

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili, wenye maduka wa Bukavu, Butembo ao Lubumbashi wanafikiria mambo mengi kwa mara moja: mzigo wa Noeli, deni la kurudisha, mshahara wa wafanyakazi, safari ya kwenda kusalimia wazazi kijijini. Kufuli mpya inanunuliwa. Mlinzi wa usiku anaongezewa kitu kidogo ili asilewe usiku wa Bonane. Lakini kompyuta yenye kubeba hesabu ya mwaka mzima inabaki juu ya meza, imewashwa, na neno lake la siri limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kioo.

Tena kufunga huko kunaweza kuwa kurefu kuliko watu wanavyodhani. Baada ya 25 Desemba na 1 Januari inakuja 4 Januari, siku ya mashahidi wa uhuru, kisha 16 na 17 Januari, siku za kuwakumbuka Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba. Shule, kituo cha afya ao shirika dogo la mtaa linaweza kupitisha majuma mawili ao matatu bila mtu mwenye kujua mashini kuketi mbele yake. Mwizi wa intaneti hana haja ya kuvunja mlango. Anachotafuta ni siku hizo.

Wezi wenye kusoma kalenda

Mfano unaojulikana sana ni wa benki kuu ya Bangladesh. Wezi waliingia katika mashini zake muda mrefu mbele, kwa njia ya barua pepe za watu waliojifanya wanatafuta kazi. Walingoja. Alhamisi jioni, tarehe 4 Februari 2016, walituma maagizo 35 kwa benki ya New York inayotunza dola za Bangladesh, wakiomba jumla ya karibu dola bilioni moja. Kwa nini Alhamisi? Juu ya Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za pumziko Bangladesh. Jumamosi na Jumapili New York inafunga. Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku kuu ya mwaka mpya wa Kichina, na Manila, mahali pesa zilipelekwa, ilikuwa imefunga pia. Mashini ya kuchapisha karatasi za maagizo iliacha kufanya kazi, watu wakadhani ni kuharibika kwa kawaida tu. Maagizo mengi yalizuiliwa, lakini dola milioni 81 zilifika Manila.

Mwaka 2021 ilikuwa vile vile. Ijumaa tarehe 2 Julai, Wamarekani wakijitayarisha kwa siku kuu yao ya 4 Julai, wezi walipitia programu ya kampuni ya Kaseya, inayotumiwa kusimamia kompyuta kutoka mbali, wakafunga mafaili ya mamia ya biashara. Hata kule Sweden, maduka karibu 800 ya Coop yalifunga milango juu ya mashini za kulipia hazikufunguka tena.

Patroni wa depo ya simenti atasema: «Sisi tuko wadogo, nani atatuona?» Jibu ni kwamba mara nyingi hakuna mtu anayechagua. Programu za wezi zinazunguka intaneti mchana na usiku zikijaribu kila mlango, mkubwa na mdogo. Na depo ndogo inaumia zaidi, sababu daftari la madeni ya wateja liko sehemu moja tu. Likipotea tarehe 28 Desemba, nani atakumbuka kwamba fundi fulani alichukua mifuko arobaini kwa deni?

Nakala, kabla ya kitu kingine chochote

Kama kuna kazi moja tu ya kufanya kabla ya kufunga, ni kutoa nakala ya hesabu, orodha ya wateja, faili za wagonjwa ao pointi za wanafunzi. Kosa la kila siku ni kuweka nakala kwenye disike ya nje na kuiacha imechomekwa kwenye kompyuta ileile. Programu yenye kufunga mafaili na kudai pesa inafunga pia kila disike iliyochomekwa. Moto na mwizi wa kawaida pia wanachukua vyote viwili kwa safari moja. Kwa hiyo disike inatolewa, inapelekwa nyumba nyingine. Nakala ya pili inaweza kuwekwa kwenye akaunti ya intaneti, hata kama ni faili ya hesabu peke yake, maana megabaiti zinauzwa ghali na kupandisha kila picha hakuna faida.

Halafu nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine. Hatua hii watu wengi wanairuka. Wanaona faili iko, jina lake liko, wanatosheka. Siku ya shida wanakuta faili ni tupu, ao programu ya hesabu inaomba leseni ambayo hakuna anayejua ilipo.

Programu zisahihishwe juma moja mbele, si saa kumi ya jioni ya siku ya mwisho, sababu masahihisho mara nyingine yanaleta shida na fundi naye amekwisha kupanda basi. Kompyuta nyingi za mitaa yetu bado ziko na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitengeneza kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama hakuna mpango wa kuibadilisha sasa, angalau isibaki kwenye intaneti muda wote wa kufunga.

Simu ndiyo benki ya wengi

Kwa kabini na maduka mengi, hatari ya kwanza haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye simu ya kazi, ile yenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kipindi cha siku kuu, simu inapigwa: mtu anasema ni mfanyakazi wa kampuni, anajua jina la patroni, anaomba namba ya siri ili «kuokoa» akaunti. Kijana aliyeachiwa kabini anaogopa, anatoa. Kampuni haiombi namba ya siri kwa simu, na kijana huyo aambiwe hivyo kwa mdomo kabla patroni hajasafiri. Pesa ya kazi isiyohitajika ihamishwe. Kwenye laini ibaki kiasi ambacho kikipotea duka litaendelea.

Njia nyingine ni WhatsApp. Mwizi anaomba kutumiwa «tarakimu sita zilizofika kwako kwa makosa». Akizipata, anachukua akaunti ya patroni na kuandikia mhasibu: «Mama Comptable, niko njiani, tuma dola mia tatu kwa namba hii, nitakueleza.» Nani atamkatalia patroni usiku wa Noeli? Uthibitisho wa hatua mbili, ulio ndani ya mipangilio ya WhatsApp, unazuia sehemu kubwa ya wizi huu. Lakini mapatano ya watu yana nguvu zaidi: hakuna pesa inayotoka kwa ujumbe wa kuandikwa, hata wa sauti. Mhasibu anapiga namba ya zamani, anaongea na patroni mwenyewe, kisha analipa. Patroni naye asikasirike akipigiwa. WhatsApp iliyobaki wazi kwenye kompyuta ya ofisi inafungwa kupitia orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Ni wakati pia wa kuuliza nani bado ana ufunguo. Kijana aliyeacha kazi mwezi wa nane, mwanafunzi wa staji, fundi aliyeweka kamera: kila mmoja anaweza kuwa na neno la siri mpaka leo. Yabadilishwe. La Wi-Fi vile vile, maana mara nyingi ni lile lililoandikwa nyuma ya kifaa kutoka kiwandani.

Radi

Katika Kivu, Desemba ni mvua, na mvua inakuja na radi. Watafiti waliohesabu radi kwa satelaiti waliweka Kabare kati ya sehemu za kwanza duniani kwa wingi wake. Kuzima kompyuta bila kuchomoa hakutoshi, na stabilizatere ya bei ndogo haizuii radi. Inachomolewa waya ya umeme, na waya ya antena ya intaneti pia, ambayo wengi wanaisahau. Kama kamera lazima zitumike, zipewe batri yao na sola yao peke yake.

Mtu wa kuitwa, na asubuhi ya kurudi

Mtu mmoja apewe zamu kwa jina. Si lazima akae ofisini. Anaangalia ujumbe wa benki na wa pesa ya simu mara mbili kwa siku, na ana ruhusa ya kufunga akaunti bila kungoja patroni apate rezo kijijini. Namba za fundi, za benki na za kampuni ya simu ziandikwe kwenye karatasi, moja kwake, moja kwa mlinzi.

Siku ya kurudi, akaunti zinapitiwa kabla ya kufungua mlango kwa wateja. Kioo kikionyesha maneno ya kudai pesa, intaneti inakatwa mara moja, disike ya nakala haichomekwi, na hakuna kufuta kitu. Kioo kinapigwa picha. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi ya Uholanzi, Europol na makampuni ya usalama, unatoa bure funguo za baadhi ya programu hizo, kwa hiyo fundi aangalie huko kabla mtu hajafikiria kulipa. Kuingia katika mashini ya mwingine bila ruhusa ni kosa linaloadhibiwa na sheria ya Kongo juu ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Mwenye kushitaki aende na picha hizo, saa jambo lilipoonekana, na namba za simu zilizopokea pesa.