Pete ya Uchumba Wakati wa Vita: Mtazamo wa Usangi

Wahenga walisema kuwa chanda chema huvikwa pete. Methali hiyo yataja chanda, yataja pete, lakini haitaji madini. Jambo hilo lastahili kuangaliwa na watunga kamusi, kwa kuwa ni rahisi kuifasiri pete ya uchumba kana kwamba asili yake ni dhahabu na almasi. Historia ya vita vikuu viwili, ikitazamwa kutoka Usangi katika Upare wa Kaskazini, yaonyesha vingine.

Pete na chuma ni maneno ya asili ya Kibantu; dhahabu, fedha, shaba na almasi yalitufikia kwa njia ya Kiarabu. Mpangilio huo walingana na habari za milimani. Wapare walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha na kuufua. Wahunzi mashuhuri walikuwa Washana wa Ugweno, jirani na Usangi, na chuma cha Upare kilinunuliwa hata na Wachagga. Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoitoa mwaka wa 1969, aeleza jinsi uhunzi ulivyoambatana na utawala. Kwa hiyo chuma hakikuwa kitu cha kudharauliwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari Walutheri wa Leipzig walikuwa wamekwisha kufika Shigatini, Usangi. Katika desturi ya kwao, pete ya uchumba na ya ndoa ni moja: huvaliwa mkono wa kushoto, kisha baada ya harusi huhamishiwa wa kulia. Lakini katika nchi yao hiyo hiyo, wakati wa vita vya 1813, watu walitoa pete zao za dhahabu kwa ajili ya gharama za jeshi, wakapewa za chuma zenye maandishi kwamba mwenyewe ametoa dhahabu akapata chuma. Desturi hiyo ilifufuliwa katika vita vya 1914. Kuvaa chuma kukawa heshima, na kubaki na dhahabu kukawa aibu.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilileta mageuzi mengine. Mwaka wa 1942 serikali ya Marekani ilikataza platinamu kutumiwa katika mapambo, kwa sababu ilihitajiwa viwandani, hasa katika kutengeneza asidi ya baruti. Masonara wakageukia paladiamu na dhahabu. Uingereza nayo, mwaka huo huo, iliweka kipimo cha karati 9 kwa pete za ndoa, yaani sehemu 9 za dhahabu katika 24.

Tanganyika haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka wa 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Wakati wa vita almasi zilitakiwa sana kwa kukatia na kusagia vyuma viwandani. Mwaka wa 1947 almasi ya waridi ya Mwadui, yenye karati 54.5, ilitolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa. Hata hivyo haikuwekwa katika pete, bali katika bruchi.

Upareni, miaka hiyo hiyo, mashaka ya watu yalikuwa juu ya mali ya aina nyingine. Kodi iliyokadiriwa kwa kadiri ya mali ya mtu, iliyoitwa mbiru kwa jina la ushuru wa kale, ilipingwa vikali, na mwaka wa 1945 umati ulikusanyika Same. Mifugo iliyokadiriwa na wenye kodi ndiyo mifugo iliyotumika kulipia mahari. Huko ahadi ya ndoa ilipimwa kwa mbuzi na ng'ombe, wala si kwa karati.

Basi mwenye kufasiri pete ya uchumba aanze na ahadi, kisha ataje madini. Madini yalibadilishwa kwa amri za serikali na shida za vita, ahadi haikubadilika. Methali ilipokaa kimya juu ya madini ilikuwa imesema la kutosha.