Habari ya Mraba wa Tarakimu

Katika nchi yetu ya Handeni na Korogwe hirizi si kitu kigeni. Mtoto huvikwa shingoni, na hata mwanafunzi huificha chini ya shati siku ya mtihani. Baadhi ya hirizi, ukizifungua, waona ndani mraba wenye vyumba tisa vya tarakimu: juu 4, 9, 2, kati 3, 5, 7, chini 8, 1, 6. Ukijumlisha kwa kulala, kwa kusimama, au pembe kwa pembe, wapata 15 sikuzote. Watu huona ajabu, husema, Hapa pana nguvu. Lakini nguvu hiyo ni hesabu tu.

Tuitazame. Tarakimu 1 hata 9 jumla yake ni 45. Safu za kulala ni tatu zilizo sawa, basi kila moja ni 15. Chumba cha katikati hupitiwa na mistari minne, na 15 mara nne ni 60. Katika 60 hiyo kila chumba kimehesabiwa mara moja, ila cha katikati mara nne. Toa 45, yabaki 15, ndiyo tarakimu ya katikati mara tatu. Kwa hiyo ni 5. Tena 1 haiwezi kukaa katika pembe, maana pembe ina mistari mitatu, na 1 hufikia 15 kwa njia mbili tu: pamoja na 5 na 9, au pamoja na 6 na 8. Basi 1 hukaa katikati ya ubavu, 9 huikabili, 6 na 8 huwa kando yake. Zilizobaki zafuata zenyewe.

Mraba huu ulijulikana Uchina tangu karne ya kwanza baada ya Kristo. Katika karne ya 10 wataalamu wa nchi za Kiislamu waliunda miraba mikubwa zaidi. Wala Waafrika hawakuachwa nyuma: Muhammad ibn Muhammad wa Katsina, katika Nigeria ya sasa, aliandika kitabu mwaka 1732, akifundisha hatua kwa hatua kupanga miraba yenye safu witiri. Alifariki Kairo mwaka 1741.

Mwaka 1782 ikachapishwa kazi ya Leonhard Euler, Mswisi, juu ya miraba ambayo ndani yake kila alama huonekana mara moja tu katika kila safu. Kutoka jamaa hiyo likazaliwa fumbo la vyumba 81, lililotungwa na Mmarekani Howard Garns mwaka 1979. Wajapani walilipokea mwaka 1984, wakaliita Sudoku. Na tangu Novemba 2004, lilipotokea katika gazeti la The Times la London, likaenea duniani. Sheria yake ni kwamba kila safu ya kulala, kila safu ya kusimama, na kila mraba mdogo wa vyumba tisa uwe na 1 hata 9, bila kurudia.

Atakaye kujifunza na ashike mambo matatu. Kwanza, aanze na safu iliyojaa zaidi, aulize ni tarakimu gani iliyokosekana. Pili, achague tarakimu moja, tuseme 7, atafute katika kila mraba mdogo chumba kinachoweza kuipokea; kikiwa kimoja tu, aandike. Tatu, vikifaa viwili, aweke alama ndogo kwa kalamu ya risasi, aende kwingine, kisha arudi. Asibahatishe kamwe. Kosa la mwanzo hujificha mpaka karibu na mwisho, ndipo kazi yote hufutwa. Haraka haraka haina baraka.

Ndugu wazazi, tusiwacheke wavaao hirizi, maana mara nyingi ni mapenzi ya mama yaliyofungwa pale. Lakini mwanafunzi avaaye mraba ule siku ya mtihani amebeba kifuani hesabu asiyoijua. Jioni moja mketi naye, mchore vyumba tisa mavumbini, mmwulize kwa nini 5 iko katikati. Akiweza kujibu, hataihitaji tena shingoni.