Upungufu wa watu na viwanda katika Vita Vikuu vya Kwanza: pwani ya Ruvuma

Kusini mwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, kutoka Lindi na Mikindani hadi Mto Ruvuma, kuliingia katika vita vya 1914–1918 kukiwa na pengo la watu. Vita vya Maji Maji (1905–1907) na njaa iliyofuata viliangamiza watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao wa kusini. Hata hivyo majeshi yalichukua wanaume kuwa wapagazi, mashamba yakakosa wa kuyalima.

Koloni halikuwa na kiwanda cha silaha, na manowari za Uingereza zilifunga bahari. Mizinga 10 ya meli ya kivita ya Wajerumani Königsberg, iliyozama Rufiji Julai 1915, iliopolewa ikatumika nchi kavu. Machi 1916 meli ya Wajerumani Marie ilipenya hadi Sudi na kushusha mizinga na risasi. Kwinini, dawa ya malaria, ilitengenezwa humo humo kolonini kwa magome ya mti wa sinkona.

Baada ya mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, risasi na dawa za Wajerumani zilikaribia kwisha. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akavuka Ruvuma Novemba 25 na kuteka silaha za Wareno, waliotawala ng'ambo ya mto, huko Ngomano.