Kitendawili cha Maji na Almasi

Adam Smith hakupata kuiona Afrika. Hata hivyo, katika kitabu chake kikubwa juu ya utajiri wa mataifa, kilichotoka mwaka 1776, aliuliza swali ambalo sisi watu wa Shinyanga tumeishi nalo. Hakuna kiumbe aishiye bila maji, lakini maji hayana bei kubwa. Almasi haikati kiu wala haijazi tumbo, lakini hununuliwa kwa mali nyingi. Kwa nini?

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Smith alizaliwa mwaka 1723 katika mji mdogo wa Kirkcaldy, Uskoti. Baba yake alikwisha kufariki kabla hajazaliwa, akalelewa na mama yake. Alisoma Glasgow, kisha Oxford, na mwaka 1752 akawa profesa wa falsafa ya maadili huko Glasgow. Wengi humtaja kama baba wa uchumi wa soko, wakasahau kwamba kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1759, kilihusu maadili: jinsi mtu anavyojiweka katika nafsi ya mwenzake na kuuonja uchungu wake. Alifariki mjini Edinburgh mwaka 1790.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi kutoka huko ilitolewa kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Katika mkoa huohuo, kila kiangazi, akina mama waliamka usiku kwenda kufukua mchanga wa mito iliyokauka, wakangoja maji yajikusanye ili wayateke kwa kata. Smith alijibu kwamba bei halisi ya kitu ni jasho la kukipata. Wachumi waliomfuata karibu miaka 100 baadaye wakaongeza kwamba bei hufuata uadimu: ndoo moja zaidi haina maana wakati wa masika, bali wakati wa ukame ni uhai. Mama wa Kisukuma alilijua hilo bila kufungua kitabu. Maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Shinyanga na Kahama mwaka 2009, kilichopatikana kilikuwa na faida kwa wananchi kuliko kito chochote.

Somo lake la pili lahusu dhahabu. Wakati wake, watawala wengi wa Ulaya waliamini kwamba utajiri wa nchi ni dhahabu na fedha iliyo ghalani. Smith alikataa. Alisema Hispania na Ureno, zilizomiliki migodi ya Amerika, zilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa za Ulaya. Utajiri, alisema, ni kazi ya watu na ustadi wao. Alitoa mfano wa watu 10 waliogawana kazi ya kutengeneza pini: kwa siku walitoa pini 48,000, ilhali mtu mmoja asiyefundishwa kazi hiyo asingefikisha 20. Kutafuta dhahabu alikufananisha na bahati nasibu yenye zawadi chache na tiketi tupu nyingi.

Anayeujua ukanda wa Geita ataelewa. Yule mmoja aliyepata na kujenga nyumba ya bati husimuliwa kijiji kizima. Waliotoka kwenye maduara mikono mitupu, au waliofukiwa humo, hakuna awahesabuye. Katika miaka yangu ya ualimu niliona jinsi habari za rashi zilivyofika kijijini Jumatatu, na kufikia Ijumaa madawati ya wavulana yakawa wazi.

Hapo ndipo Smith anapotufaa zaidi. Aliogopa kwamba mtu anayerudia kazi moja ndogo maisha yake yote hudumaa akili. Kwa hiyo alitaka taifa lisaidie kuweka shule ndogo kila mtaa, kwa ada ambayo hata kibarua angeimudu, ili watoto wa maskini wajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Kijana anayeponda mawe tangu alfajiri asiyejua hesabu huuza jasho lake kwa mizani inayosomwa na mnunuzi peke yake.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, hakukubaliana na Smith kuhusu soko. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo, si msingi wake. Hapo wazee hawa wawili wangepeana mkono.

Mzazi anayemtoa mtoto shuleni kwenda machimboni na akumbuke kwamba migodi hufungwa. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Ule wa Buzwagi, Kahama, uliacha kuzalisha mwaka 2021. Mtoto aliyejifunza kusoma mwaka ule wa 1966, kama yu hai, angali anasoma.